Kupunguza uzito si kazi ya nguvu ya soda

KILA ifikapo Januari, alfajiri ya Dodoma huwa na sura mpya. Kando ya barabara za Area D, Kisasa na Ilazo huonekana watu waliovaa raba mpya, taulo shingoni, wakitembea kwa haraka au wakikimbia taratibu kabla jua halijachomoza. Ifikapo Machi, raba nyingi huwa zimerudi uvunguni mwa kitanda, na mwenye raba amebaki na uzito ule ule pamoja na aibu ya kushindwa.

Watanzania wana jina la hali hiyo. Huiita nguvu ya soda: chupa ikifunguliwa povu hupanda kwa kishindo, na baada ya muda mfupi kinywaji hutulia kama maji.

Wengi wanaoacha mazoezi hujilaumu kwa kukosa nia. Hata hivyo, tafiti zilizofanyika katika nchi mbalimbali, ukiwamo mmoja uliofanyika hapa nchini, zinaonyesha kuwa tatizo hutokana zaidi na mambo mawili. La kwanza ni kutegemea hamu mahali panapohitaji ratiba. La pili ni kuidai mizani malipo ya haraka, wakati mwili huyatoa polepole.

Mji umekua, miguu imepumzika

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, lakini mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Julai 2016, pale Rais wa wakati huo, Dk John Magufuli, alipotangaza kuwa Serikali itahamia huko. Aprili 26, 2018 manispaa hiyo ikapandishwa hadhi na kuwa jiji. Wizara zikajengewa ofisi Mtumba, umbali wa takriban kilomita 17 kutoka katikati ya mji.

Mabadiliko hayo yameleta ajira, nyumba na barabara. Yameleta pia aina ya maisha ambayo mtu anaweza kumaliza siku nzima bila kutembea hatua nyingi. Mtumishi hupanda gari mlangoni, hukaa kitini hadi jioni, kisha hukaa tena ndani ya gari akirudi nyumbani. Safari fupi ya kwenda Soko la Majengo, ambayo mzazi wake angeitembea akiwa na kikapu mkononi, sasa humalizwa kwa bodaboda.

Chakula nacho kimebadilika. Ugali wa uwele au mtama kwa mlenda, uliokuwa chakula cha kila siku cha Wagogo, unashindana na sahani ya chipsi, kuku wa kukaanga na chupa ya soda. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia, hata yakiwa ya alizeti kutoka Singida, kina takriban kalori 120. Soda ya mililita 350 ina karibu kalori 140, zote zikitokana na sukari.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyo ya kuambukiza, uliohusisha watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kuwa asilimia 26 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Kwa wanawake kiwango kilikuwa asilimia 37, na kwa wanaume asilimia 15. Mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo kubwa la damu, na asilimia 9 walikuwa na kisukari.

Aidha, tafiti za kitaifa za afya ya uzazi zilionyesha kuwa wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05 na wakafikia asilimia 28 mwaka 2015/16, mijini wakiwa wengi zaidi kuliko vijijini.

Uzito huo una gharama. Kisukari na shinikizo la damu ni magonjwa ya kumeza dawa kwa miaka mingi, na yasipodhibitiwa huweza kuishia kwenye kiharusi, upofu au figo kushindwa kufanya kazi. Familia inayopata mkasa huo hupoteza kipato, na mara nyingi mmoja wa ndugu hulazimika kuacha shughuli zake ili kumuuguza mgonjwa.

Maneno ya watu

Kabla ya kufika kwenye viatu na mizani, anayetaka kupunguza uzito katika jamii ya Kitanzania hukutana na kikwazo cha maneno. Mtu aliyenenepa husifiwa kuwa “ana afya” au “amenawiri”. Kitambi cha mwanamume huchukuliwa kuwa ishara ya mambo kumnyookea, na unene wa mke husemwa kuwa sifa ya mume anayejua kutunza.

Anayekonda husemwa vingine. Tangu wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walipobainika mkoani Kagera mwaka 1983, kukonda kumebeba kivuli cha ugonjwa huo. Mtu akipungua kilo sita, majirani huanza kunong’ona na shangazi hupiga simu kuuliza kulikoni. Wapo wanaoacha mazoezi wakati yameanza kuzaa matunda, kwa sababu wamechoka kujibu maswali.

Dawa ya kikwazo hicho ni kusema mapema. Anayeanza mazoezi na kuwaeleza mwenza wake, watoto na wafanyakazi wenzake sababu za uamuzi wake huziba mwanya wa minong’ono. Hupata pia watu wa kumuuliza, siku asipoonekana njiani, ni kitu gani kimemzuia.

Funzo kutoka Ziwa Eyasi

Sababu kubwa ya watu kukata tamaa ni matarajio. Mtu hutembea saa nzima kila siku kwa wiki tatu, hupanda kwenye mizani, na hukuta amepungua nusu kilo au hakupungua kabisa. Huona amedanganywa, naye huacha.

Maelezo ya jambo hilo yamepatikana si mbali na Dodoma. Kaskazini mwa uwanda wa kati, katika nyika zinazozunguka Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado huishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma matunda na kuchimba mizizi. Watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer walipima kiasi cha nishati ambacho watu wazima 30 wa jamii hiyo walitumia kwa siku, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012.

Wanaume wa Kihadzabe walikuwa wakitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku, na wanawake karibu kilomita 6. Watafiti walitarajia kuwa wangetumia nishati nyingi zaidi kuliko Wamarekani na Wazungu wanaoshinda maofisini. Kinyume na matarajio, baada ya kuzingatia ukubwa wa miili yao, jumla ya nishati iliyotumika kwa siku ilikuwa karibu sawa.

Maelezo yanayotolewa na watafiti hao ni kwamba mwili hupanga bajeti yake. Mtu anapotumia nishati nyingi kwa kutembea, mwili hubana matumizi mahali pengine, ili jumla isipande sana. Ndiyo maana mazoezi peke yake, bila kugusa chakula, hupunguza uzito kidogo kuliko watu wanavyotegemea.

Hesabu ya kawaida inaonyesha jambo hilo hilo. Mtu wa kilo 75 anayetembea kwa haraka kwa saa moja hutumia takriban kalori 300. Akirudi nyumbani na kujizawadia soda mbili, amerudisha karibu zote.

Hata hivyo, hakuna sababu ya kuziweka raba kabatini. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa Wahadzabe, ambao hujishughulisha kwa zaidi ya saa mbili kila siku, wana viashiria vichache sana vya magonjwa ya moyo, hata katika umri mkubwa. Miguu yao inalinda mishipa yao ya damu, ijapokuwa haiongezi sana hesabu ya kalori.

Mgawanyo wa kazi basi unakuwa wazi. Chakula ndicho kinachopunguza uzito zaidi. Mazoezi yanalinda moyo, yanashusha shinikizo la damu na sukari, yanaboresha usingizi, na yanasaidia uzito uliopungua usirudi. Anayeyapima mazoezi kwa mizani pekee anapima kazi moja tu kati ya nyingi, tena ile inayokwenda polepole kuliko zote.

Kilo tano na nusu zenye thamani

Kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusisha watu 3,234 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari. Kundi moja lililenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, hasa ya kutembea, kwa dakika 150 kwa wiki.

Katika kipindi cha takriban miaka mitatu, kundi hilo lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, likilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa ya metformin walipunguza kwa asilimia 31.

Kwa mtu mwenye kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu hivi. Huenda hatabadilika umbo kiasi cha kushangaza mitaa, lakini ndani ya mwili atakuwa amepata kinga kubwa.

Nchini Marekani pia lipo daftari maalumu, lililoanzishwa mwaka 1994, la watu waliopunguza zaidi ya kilo 13 na kukaa hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Waliojiandikisha ni wale waliofaulu, hivyo hawawakilishi kila mtu, lakini mazoea yao yanafanana. Wengi hufanya mazoezi kwa wastani wa saa moja kwa siku, kutembea kukiwa ndilo zoezi linalotajwa zaidi. Robo tatu hupima uzito angalau mara moja kwa wiki, na wengi hawaruki kifungua kinywa.

Saa, mahali na “kama”

Swali linabaki: mtu afanye nini ili asiishie njiani? Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza waliwagawa wanafunzi wa chuo kikuu katika makundi. Kundi moja lilipewa maelezo ya kuhamasisha, yanayoonyesha jinsi mazoezi yanavyokinga magonjwa ya moyo. Kundi jingine lilipewa maelezo hayo hayo, kisha kila mmoja akatakiwa kuandika siku, saa na mahali atakapofanyia mazoezi wiki inayofuata.

Kati ya walioandika, asilimia 91 walifanya mazoezi. Katika kundi lililohamasishwa bila kuandika, hawakufika asilimia 40. Wote waliyajua manufaa. Walioandika walikuwa na miadi.

Mpango mzuri kwa mkazi wa Dodoma hauwi “mwaka huu nitafanya mazoezi”. Unakuwa hivi: “Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 12 kamili asubuhi, nitatoka getini na kutembea dakika 40 kwenda na kurudi.” Sentensi ya namna hiyo haiulizi kama mtu ana hamu siku hiyo.

Mpango unahitaji pia sehemu ya “kama”, kwa sababu Dodoma ina vikwazo vyake. Kati ya Desemba na Aprili mvua huweza kuharibu alfajiri. Miezi ya kiangazi huja na upepo na vumbi, na ile ya Juni hadi Agosti huongeza baridi inayomfanya mtu aling’ang’anie blanketi. Mwenye mpango huamua mapema: kama mvua ikinyesha, nitaruka kamba sebuleni dakika 15, kama kikao kikichelewa Mtumba, nitashuka kituo kimoja kabla ya nyumbani na kumalizia kwa miguu.

Jambo jingine ni subira. Mwaka 2009 watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walichapisha utafiti wao kuhusu watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 kabla tendo halijawa la kujiendea lenyewe. Wapo waliotumia siku 18, na wengine walikadiriwa kuhitaji hadi siku 254. Tabia za mazoezi zilichelewa kuliko zile rahisi kama kunywa maji.

Anayeanza Januari mosi hufikisha siku ya 66 Machi 7. Kwa maneno mengine, wengi huacha wakati tabia imekaribia kuota mizizi.

Mchakamchaka ulijua siri hiyo

Jibu la swali la hamu lilikuwapo nchini kabla ya tafiti hizo. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi anaukumbuka mchakamchaka: mistari ya wanafunzi alfajiri, mmoja anaimba, wengine wanaitikia, miguu yote inapiga ardhi kwa mdundo mmoja. Waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963 na ambalo moja ya kambi zake ni Makutupora mkoani Dodoma, wanaujua kwa undani zaidi.

Katika mchakamchaka hakuna aliyeulizwa kama anajisikia kukimbia. Saa ilijulikana, mahali palijulikana, na asiyekuwapo alionekana. Wimbo uliuficha uchovu, na mwendo wa kundi ulimzuia mwenye haraka asijimalize mapema.

Klabu za kukimbia za mitaani zinafanya kazi kwa kanuni ile ile. Wabunge, ambao ratiba zao hubana wakati wa vikao vya Dodoma, wana Bunge Sports Club, na watumishi wa wizara hukutana katika mashindano ya SHIMIWI. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili hiyo.

Siku moja kwa mwezi huamsha watu, lakini haitoshelezi mahitaji ya mwili. Thamani yake ni kukutanisha majirani. Wawili wakikubaliana kukutana kila Jumatatu chini ya mwarobaini wa mtaa wao, tayari wameunda klabu. Hakuna anayependa kumwacha mwenzake amesimama peke yake gizani. Kwa wanawake, kutembea wawili au watatu kunaongeza pia usalama alfajiri.

Kuanza bila kuumia

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mwongozo huo unasisitiza kuwa kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa, na kwamba dakika chache chache za siku zinahesabika zikijumlishwa.

Kipimo rahisi cha mwendo wa wastani ni mdomo. Anayetembea akiweza kuongea lakini akashindwa kuimba wimbo mzima, yuko kwenye mwendo unaofaa. Akishindwa hata kuongea, apunguze.

Kosa la kawaida ni kuanza kwa kukimbia kilomita tano siku ya kwanza. Magoti huuma, na maumivu hugeuka kuwa sababu ya kuacha. Mtu mwenye uzito mkubwa anafaa aanze kwa dakika 10 za kutembea, akiongeza dakika tano kila wiki. Haba na haba hujaza kibaba.

Wenye shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo, au wanaopata maumivu ya kifua na kizunguzungu wanapaswa kumuona daktari kabla ya kuanza. Kwa mtu anayetumia dawa za kushusha sukari, mazoezi huweza kuishusha zaidi, hivyo ushauri wa kitabibu ni wa lazima. Vidonge na chai zinazouzwa mitaani kwa ahadi ya kupunguza kilo 10 kwa wiki mbili ziepukwe. Mara nyingi kinachopungua kwa haraka hivyo ni maji.

Siku ya kuteleza

Itafika wiki ambayo mpango utavunjika. Kutakuwa na msiba Kondoa, mtoto atapata homa, au safari ya kikazi itachukua siku nne. Hapo ndipo wengi husema, “Nimeshaharibu, nitaanza upya mwakani.”

Utafiti wa Lally unatoa faraja kuhusu jambo hilo. Kukosa siku moja hakukuathiri kwa kiasi kikubwa ujengaji wa tabia. Waliorudi siku iliyofuata waliendelea pale walipoishia. Kanuni nzuri kwa mwenye mpango ni kutoruhusu siku mbili za ratiba zipite mfululizo. Ikishindikana dakika 40, zifanyike 10, ili miadi isife.

Badala ya kuitegemea mizani pekee, anaweza kuweka daftari dogo lenye mambo manne: siku alizotembea, mzunguko wa kiuno kila mwezi, shinikizo la damu kila anapopimwa, na idadi ya ngazi anazopanda bila kuhema. Kwa viwango vya kimataifa, kiuno kinachozidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume ni dalili ya hatari. Mara nyingi daftari litaonyesha mabadiliko kabla ya mizani, na ushahidi huo ndio unaomtoa mtu kitandani alfajiri ambayo hamu haipo.

Januari nyingine ikifika, barabara za Kisasa na Ilazo zitapata tena wakimbiaji wapya. Watakaoonekana bado njiani mwezi Juni, wakati upepo wa baridi ukivuma kutoka uwandani, huenda wasiwe wale waliotoka kwa kishindo. Aghalabu watakuwa wale walioandika saa kwenye karatasi, wakamwambia jirani, na kumkuta anawasubiri getini.